Msimbazi, Kunduchi au Pugu? Kuchagua mahali pa kazi ya uwandani ya mwaka wa kwanza

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayesoma jiografia au sayansi ya mazingira Dar es Salaam ana bahati kubwa. Kwa daladala, akirudi kulala kwake, anaweza kufika kwenye mto unaofurika (Msimbazi), kwenye ufukwe unaomegwa na bahari (Kunduchi), au kwenye msitu wa asili wa pwani (Pugu). Wingi huo ndio unaovitatiza vikundi. Kazi inatolewa darasani: chagueni mchakato mmoja wa mazingira katika eneo lenu, mupime, mueleze mlichokiona. Mjadala unaanza, na mara nyingi uamuzi unaangukia mahali palipo karibu na hosteli, au mtaa ambao mmoja wa kikundi ana shangazi yake.

Ukaribu una maana yake, maana mahali pa mbali haparudiwi. Lakini katika vikundi nilivyosimamia, kilichotenganisha ripoti nzuri na ripoti dhaifu ni kama mwendo wa mchakato uliendana na muda ambao kikundi kilikuwa nao. Kwa hiyo nalinganisha mahali hapa patatu kwa kigezo hicho kwanza, kisha vifaa, usalama, watu na fedha.

Mwendo wa kila mahali

Bahari ya Kunduchi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni takribani saa 12 na dakika 25. Wakati wa bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kimo cha maji kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kikundi kinachofika maji yakielekea kupwa na kuondoka yakiwa yamejaa kimeiona nguvu yenyewe ikipita juu ya ufukwe wote. Kati ya mahali hapa patatu, Kunduchi peke yake ndiko kunakokupa mzunguko mzima ndani ya siku moja.

Msimbazi hauko hivyo. Mto huu una urefu wa takribani kilomita 35: unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unapita Kinyerezi, Vingunguti na Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salenda. Ni bonde fupi, na sehemu kubwa ya ardhi yake sasa imefunikwa na mabati, saruji na lami, kwa hiyo maji ya mvua hayapati nafasi ya kuzama. Mvua kubwa ikinyesha juu, mto hupanda ndani ya saa chache, na ikikatika hushuka upesi vilevile. Kikundi kinachokwenda mara moja tu, siku ya jua, kitakuta mkondo mwembamba wa maji meusi kikadhani kimeuona mto. Msimbazi hudai urudi mahali palepale kabla ya mvua, baada ya mvua, na tena maji yakishatulia.

Pugu ndiko kunakochanganya vikundi zaidi. Kilichotokea kwenye udongo wa msitu ule kimechukua miaka mingi, na hakuna ratiba ya chuo itakayokuruhusu kukaa ukingoja majani yageuke mboji. Huko humpimi mgonjwa yuleyule asubuhi na jioni; unawapima wagonjwa watatu walio katika hatua tofauti za ugonjwa mmoja. Sehemu ya kwanza ni chini ya miti mikubwa ambayo haijaguswa, ya pili ni palipokatwa kwa ajili ya mkaa na kuachwa paote upya, na ya tatu ni shamba la nje ya mpaka wa hifadhi. Kipimo kinakuwa kimoja pote patatu, na tofauti kati yao ndiyo inayosimama badala ya miaka ambayo huna. Kikundi kisicholielewa jambo hili kabla ya kupanda gari hurudi na orodha ya miti na maelezo kwamba msitu unapendeza.

Unachoweza kukipima kwa mikono yako

Hapa ndipo Kunduchi inapowazidi wenzake, kwa sababu vipimo vyake ni rahisi na majibu yake yanaonekana siku hiyohiyo.

Mwaka 1961 Kenneth Emery, mwanajiolojia wa bahari, alieleza njia ya kupima umbo la ufukwe ambayo bado inatumika duniani kote, maana haihitaji fedha. Unachukua vijiti viwili vilivyonyooka, vya urefu sawa, vyenye alama za sentimita kuanzia juu kwenda chini, na kuviunganisha kwa kamba ya urefu unaojulikana, tuseme mita 1.5. Mmoja anasimama na kijiti upande wa nchi kavu, mwenzake upande wa bahari. Wa nchi kavu analinganisha ncha ya kijiti cha mwenzake na mstari ambapo bahari na mbingu vinakutana, kisha anasoma mstari huo umeangukia alama gani kwenye kijiti chake. Namba hiyo ndiyo ardhi iliyoshuka kwa umbali wa kamba moja. Wanasogea, wanarudia, hadi wafike majini. Kwa saa moja kikundi kina mchoro wa mteremko wa ufukwe.

Kwa Kunduchi kuna angalizo moja. Kisiwa cha Mbudya kiko mbele ya macho, na ukitazama upande wa kisiwa hicho huoni upeo wa bahari. Sogea hadi uone maji matupu, au tumia mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kupata usawa wa ukuta.

Tupa chungwa nje kidogo ya mahali mawimbi yanapovunjika, mpange watu wawili ufukweni, hesabu dakika tano, kisha pima limesogea umbali gani kandokando ya pwani. Rudia mara kadhaa uchukue wastani. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba hivi, mawimbi huelekea kuusukuma mchanga upande wa kaskazini. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikiingia mwishoni mwa mwaka, mwelekeo hulegea au hugeuka. Kikundi cha muhula wa kwanza na kikundi cha muhula wa pili vinaweza kupata majibu yanayopingana, na vyote viwili vikawa sahihi. Tarehe na upepo wa siku ile viandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Kisha tafuta mojawapo ya kuta za mawe zilizojengwa kuingia baharini kwenye ukanda wa Kunduchi na Mbezi Beach ili kuzuia mmomonyoko. Upande mmoja wa ukuta mchanga hurundikana, upande wa pili hupungua. Pima mteremko pande zote mbili na tayari una ripoti yenye swali la kweli: ukuta unaomlinda mmoja unamfanya nini jirani yake? Bahari imekula vitu vingi kwenye ukanda huu, yakiwemo majengo ya hoteli ya Africana, ambayo jina lake limebaki kwenye kituo cha daladala. Na chanzo cha tatizo hakiko baharini pekee. Mchanga wa fukwe hizi huletwa kwa sehemu kubwa na vijito kama Mbezi na Tegeta, na uchimbaji wa mchanga wa kujengea kwenye vijito hivyo umepunguza chakula cha ufukwe. Mwanafunzi anayepima ufukwe bila kuinua macho kutazama mto unaoulisha amepima nusu ya jambo.

Maji yakipwa, hori la Kunduchi, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lina mikoko, na mstari mmoja wa kamba kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu unatosha kwa kazi nzima. Mlilana hupenda kusimama mbele, karibu na bahari. Nyuma yake hufuata mkoko wenye mizizi ya magongo, kisha mkandaa, na mchu huonekana hata sehemu za juu zenye chumvi nyingi. Hesabu miti kwa kila mita kumi, andika jina, kina cha tope na kama maji hufika pale kila siku au wakati wa bamvua tu. Wavuvi na wakata nguzo wanayajua majina haya vizuri kuliko kitabu chochote cha maktaba.

(Mkifika, tengeni nusu saa ya kwenda kwenye magofu ya Kunduchi, msikiti wa kale na makaburi yaliyowahi kupambwa kwa vyombo vya kauri kutoka China. Hayaingii kwenye ripoti ya mmomonyoko, lakini yanaonyesha watu wameishi na bahari hii kwa karne nyingi.)

Msimbazi una swali zito zaidi kuliko Kunduchi, na ndio mahali ninapopapenda kwa dhati. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imefurika mara kadhaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza bonde hili. Mwanafunzi anayepima Msimbazi anapima kitu ambacho jiji zima linakihangaikia, na hilo humfanya aandike kwa makini.

Kipimo cha msingi ni ujazo wa maji yanayopita kwa sekunde. Chagua sehemu iliyonyooka, weka alama mbili zenye umbali wa mita 10, tupa kitu kinachoelea na upime muda. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kasi uliyoipata kwa 0.85 ili upate makadirio ya kasi ya mkondo wote. Kisha zidisha kwa upana na kwa wastani wa kina. Kina kipimwe kutoka kwenye kivuko au daraja dogo kwa kamba yenye uzito mwishoni. Usiingie majini, sababu nitazieleza.

Kipimo cha pili hakihitaji maji kabisa, na mara nyingi ndicho kinachotoa sura bora ya ripoti. Kuta za nyumba za bondeni zina alama za matope zilizoachwa na mafuriko. Pima kila alama iko juu kiasi gani kutoka ardhini, rekodi mahali ilipo kwa GPS ya simu, na muulize mwenye nyumba ni ya mvua ya mwaka gani. Alama ishirini zilizopimwa vizuri zinachora ramani ya kina cha mafuriko ya mtaa mzima. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam pamoja na wakazi kuchora mitaa na mifereji ya jiji kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya mtandaoni, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Pakua sehemu yenu kabla ya kwenda. Ukiona mfereji uliochorwa pale na leo umejaa taka au umejengewa juu, hayo ni matokeo.

Cha tatu ni ulinganisho wa juu na chini. Chukua maji Kinyerezi au juu zaidi, kisha Vingunguti baada ya eneo la viwanda na mabwawa ya majitaka, kisha Jangwani. Pima joto, rangi, harufu, uchafu unaozuia mwanga, na kama chuo kina kifaa, uwezo wa maji kupitisha umeme, unaoonyesha wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Kupima vimelea kunahitaji maabara na sampuli zinazofika ndani ya saa chache zikiwa kwenye barafu. Mwaka wa kwanza muachane nacho. Lakini angalieni bustani za mchicha kandokando ya mto na mwandike zinamwagiliwa kwa maji gani.

Pugu inadai vifaa vichache na nguvu nyingi. Kipimo ninachokipendekeza ni kasi ya maji kupenya ardhini. Kata kopo kubwa la rangi juu na chini libaki bomba, ligongomee udongoni sentimita tano hivi, mimina maji na upime yanashuka sentimita ngapi kwa kila dakika. Fanya hivyo chini ya miti, kwenye sehemu iliyokatwa, na juu ya njia inayokanyagwa kila siku. Tofauti huwa kubwa kiasi kwamba hata kipimo cha kopo huiona. Tatizo ni maji yenyewe: kila kipimo hula lita kadhaa, mnahitaji kurudia mara tatu kwa kila sehemu, na madumu hayo mtayabeba mgongoni mkipanda kilima. Vikundi vingi hupanga vipimo tisa na kufanya vitatu kwa sababu hii.

Zaidi ya hapo mnaweza kupima unene wa miti kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, kina cha majani makavu, na umbile la udongo kwa kuufinyanga ukiwa na unyevu. Penye kingo zilizokatwa utaona tabaka jeupe la kaolini, mfinyanzi uliowahi kuchimbwa kwenye vilima hivi. Msitu wa Pugu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954, na una mimea ya misitu ya pwani ambayo haipatikani sehemu nyingi duniani; mmoja wao, Baphia puguensis, umebeba jina la mahali hapa. Utambuzi wa miti ndio ukuta mkubwa. Bila mzee wa jirani anayeijua kwa majina ya Kizaramo, au mtaalamu wa mimea kutoka chuoni, hesabuni unene na msijitie kutaja aina.

Usalama

Maji ya Msimbazi yamebeba majitaka ya vyoo na ya viwanda. Kipindupindu na homa ya tumbo vimelitesa jiji hili kwa miaka mingi, na kidonda kidogo mguuni kinatosha kukuletea tabu. Glavu, buti za mpira, sabuni na maji safi ndani ya mkoba, na chakula kisiguswe hadi mikono ioshwe. Mawingu yakiwa meusi upande wa Kisarawe, ondokeni hata kama kwenu jua linawaka. Mvua ya kule ndiyo itakayowafikia. Msimamizi anayetaka takwimu za mafuriko azipate kwa alama za ukutani, na asimsimamishe mtoto wa watu ukingoni mto ukiwa umejaa.

Kunduchi hatari yake ni kujisahau. Maji yanaporudi hori hujaa upesi, na mliokwenda ng'ambo kuhesabu mikoko mnaweza kukuta njia imefungwa. Mtu mmoja awe na kazi moja tu, kutazama saa. Viatu vifunike unyayo kwa sababu ya urumba, wanyama wa bahari wenye miiba, na vipande vya chupa, na kofia ni lazima.

Pugu hakuna kwenda bila askari wa msitu au mwongozaji wa hifadhi. Mapango ya zamani ya kaolini yana popo wengi na dari zake si za kuaminika. Yatazameni mkiwa nje.

Barua, vibali na watu

Pugu iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na barua ya chuo iende mapema, wiki kadhaa kabla, pamoja na kuuliza kiingilio cha wanafunzi. Kunduchi barua ya utambulisho kwa ofisi ya serikali ya mtaa kwa kawaida hutosha, ila mkipima mbele ya hoteli semeni na walinzi kwanza. Wavuvi wa pale sokoni ni wakarimu kwa anayewakuta wakati hawana kazi, yaani si wakati vyombo vinaingia.

Msimbazi kuna jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote wa kozi. Watu wa bonde hili wamehamishwa, wamefanyiwa tathmini, wamelipwa fidia na wengine bado wana malalamiko, na wameona nyumba zikiwekewa alama ya X na kubomolewa. Kijana mwenye tepu ya kupimia na daftari mkononi, akisimama mbele ya nyumba ya mtu Jangwani au Magomeni, anaonekana kama mthamini. Kwa hiyo anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, mumwombe mjumbe mmoja awasindikize, na maneno ya kwanza mlangoni yawe ya kueleweka: "Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi, tunajifunza maji ya mafuriko yalifika wapi. Hatuhusiki na fidia wala bomoabomoa, na jina lako hatuliandiki." Akikataa, mshukuru na usogee. Akikubali, msikilize hadi mwisho, hata akitoka nje ya swali. Wamama waliolala juu ya paa na watoto usiku wa mafuriko wanajua maji yaliingia kutoka upande gani, saa ngapi na kwa kasi gani, na hakuna kituo cha hali ya hewa kilichorekodi hayo kwa ajili ya kibaraza chao. Rudini kuwaonyesha ramani mliyochora. Vikundi vichache hufanya hivyo, na ni deni.

Fedha

Msimbazi ndio wa bei nafuu kwa safari moja, lakini safari ni nyingi. Kunduchi ni nauli, vijiti, kamba na machungwa. Pugu ni ghali kuliko yote: usafiri wa kupita Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni na kuendelea, kiingilio, mwongozaji, na madumu ya maji. Chuo kikitoa basi, tofauti hii hupungua sana.

Kwa hiyo mchague wapi?

Kama mna siku moja au mbili na hamjawahi kupima chochote nje ya maabara, nendeni Kunduchi. Nalisema bila kusita. Mtajifunza kurudia kipimo, kukosea kusoma alama na kusahihisha papo hapo, kuchora mchoro kutoka kwenye namba zenu wenyewe, na kuona mchakato ukianza na kuisha mbele yenu. Hayo ndiyo mwaka wa kwanza unayahitaji kabla ya kitu kingine. Chagueni siku ya bamvua kwenye jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Dar es Salaam, mfike saa mbili au tatu kabla ya maji kupwa kabisa, na mkae hadi yajae tena.

Kama kazi ni ya muhula mzima, angalau wawili kati yenu wanaishi karibu na bonde, na msimamizi yuko tayari kuja nanyi mtaani siku ya kwanza, chagueni Msimbazi. Mwaka wa masomo wa vyuo vingi huanza kati ya Oktoba na Novemba, vuli ikiwa inaingia, kwa hiyo vipimo vya kwanza vifanyike mara tu kikundi kinapoundwa. Ukingoja hadi mihadhara ikolee, mvua za kwanza zitakuwa zimepita na hutakuwa na namba ya kuanzia. Muhula wa pili una masika, Machi hadi Mei, na Aprili kwa kawaida ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote jijini. Wekeni chupa ya plastiki iliyokatwa kuwa kipima mvua nyumbani kwa kila mmoja wenu. Mvua ya Dar es Salaam inaweza kunyesha Tabata ikaruka Kariakoo, na namba moja kutoka uwanja wa ndege haitawaambia hilo. Kama sharti la kuishi karibu halipo, msijilazimishe. Nimeona vikundi vyenye moyo vikiishia na ziara moja ya siku ya jua, kisha vikijaza ripoti kwa habari za magazeti.

Pugu nawashauri wale ambao tayari wana mvuto wa udongo au mimea, wana basi la chuo, na wamepata mtu wa kuwatambulisha miti. Kwa kikundi cha kawaida cha mwaka wa kwanza itakuwa bora mwaka wa pili, wakishajua kulinganisha sehemu mbili bila kuchanganyikiwa na mengine yote yanayotofautiana kati yake, mteremko, kivuli, na umbali kutoka barabarani.

Kuna chaguo la nne kwa darasa lenye vikundi vingi, nalo ndilo ningelipanga mimi kila mwaka kama ratiba ingeruhusu. Mto Msimbazi unatoka Pugu na kuingia baharini, kwa hiyo kikundi kimoja kipime maji yanavyopenya ardhini Pugu, cha pili kipime mkondo na alama za mafuriko katikati ya bonde, na cha tatu kipime mchanga na tope karibu na mdomo wa mto wakati maji yamepwa. Wote wafanye kazi katika wiki ileile, kisha wakae meza moja. Mwanafunzi aliyeona maji ya kopo yakizama upesi chini ya miti na kugoma juu ya njia iliyokanyagwa ataitazama namba ya mafuriko ya mwenzake kwa jicho jingine kabisa.

Ila kwa mpango huo vikundi vikubaliane mambo mawili kabla ya kuachana getini. La kwanza, vipimo vyote viwe kwa mita na sentimita, pasiwepo mwenye tepu ya futi. La pili ni saa. Jedwali la maji la bandari hutumia saa 24, sisi tukizungumza tunasema saa nne asubuhi, na daftari la kikundi huwa limechanganya zote mbili. Saa zote ziandikwe kwa mtindo wa jedwali, 10:00 kwa saa nne asubuhi, na mtu mmoja kwa kila kikundi apewe kazi ya kukagua safu hiyo kabla hamjaondoka uwandani.